Deni la Mwenye Kunakili

Je, mtu achukuaye maneno ya mwenzake akayatia katika kitabu chake ni mwokozi au ni mwivi? Swali hili, ewe msomaji, si jepesi kama lionekanavyo. Ili kulipima, natuwaangalie waandishi wa tarihi wa Ulaya ya zamani walioandika kwa Kilatini, maana kazi zao nyingi zimepotea, na habari za kupotea kwazo zina mafunzo makubwa.

Kabla ya uchapaji kuanza Ulaya katikati ya karne ya 15, kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, aghalabu juu ya ngozi za kondoo au ndama. Kitabu kikubwa kilihitaji ngozi nyingi na kazi ya miezi mingi. Vingine viliungua, na vingine viliozeshwa na unyevu. Lakini vingi havikuuawa na adui yeyote. Vilikufa kwa sababu hakutokea mtu wa kuvinakili.

Katika karne ya 6 huko Italia, Cassiodorus, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa mfalme Theodoric, alitunga tarihi ya Wagothi katika vitabu 12. Leo hakijasalia hata kimoja. Tunachokijua chatoka kwa Jordanes, ambaye mnamo mwaka 551 aliombwa na rafiki yake avifupishe. Jordanes asema kuwa aliazimwa vitabu hivyo na msimamizi wa nyumba ya Cassiodorus kwa siku 3 tu. Kwamba maneno yenyewe hayakumbuki, ila aamini kuwa ameshika maana na matendo. Na kwamba ameongeza mengine ya Wagiriki na Walatini, na mengine yake mwenyewe.

Utamhukumuje mtu huyu? Waweza kumlaumu, kwa kuwa siku 3 hazitoshi kuubeba mzigo wa vitabu 12, na huenda watu walipopata kifupi hawakuona haja ya kunakili kirefu. Lakini jambo moja lamtetea: hakuficha. Alitaja alikotoa, akakiri upungufu wake. Kwa hiyo twajua kuwa nyuma ya kijitabu chake palikuwa na kazi kubwa kuliko yake.

Vivyo hivyo Gregory, askofu wa Tours katika Ufaransa ya leo, aliyefariki mwaka 594, alipotafuta habari za viongozi wa kwanza wa Wafranki aliyanukuu maneno ya Sulpicius Alexander na ya Renatus Frigeridus, akawataja kwa majina. Vitabu vya wawili hao vimepotea. Lau asingaliwataja, hata majina yao yangalizikwa. Naye Paulus Diaconus, aliyeandika tarihi ya Walombardi mwishoni mwa karne ya 8, alimtaja Secundus wa Trento, aliyefariki mwaka 612, akistaajabu kwamba aliacha kueleza ushindi mmoja mkubwa. Hata katika kumkosoa alimhifadhi.

Pengine utasema, "Maji ya kisima hayaulizwi ni nani aliyekichimba, mradi yakate kiu." Kwa maji ni kweli, lakini habari ni ushahidi, na ushahidi haupimwi bila ya kumjua shahidi. Je, alikuwapo au alisimuliwa? Alimpenda mfalme au alimchukia? Afichaye jina la aliyemtangulia humdhulumu marehemu, na humdhulumu msomaji pia kwa kumnyima mizani.

Basi jibu la swali letu ni hili: achukuaye akataja ni mwokozi, ijapokuwa amechukua kidogo, achukuaye akaficha ni mwivi, ijapokuwa amehifadhi kingi.

Jambo hili lakuhusu wewe uliye darasani. Ukisoma muhtasari peke yake, umechagua siku 3 za Jordanes hali kitabu kizima kipo mbele yako. Na uchukuapo wazo la mtu katika insha yako, litaje jina lake. Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kazi za waandishi wale zilipotea, lakini habari zao hazikupotea, kwa kuwa walikuwapo watu waaminifu walioliandika deni lao.