MEZA NI SEHEMU YA CHAKULA

Mfalme Daudi alipomtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonatani, aliyekuwa kilema wa miguu yote miwili, alimrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli. Tena alimwagiza Siba na wanawe wayalime, ili chakula kisimpungukie. Hapo hofu ya njaa ilikwisha. Lakini Daudi hakukoma hapo: aliamuru kilema yule ale siku zote mezani pa mfalme, kama mmoja wa wanawe. Kwa nini? Kwa sababu chakula hushibisha tumbo, bali meza humrudishia mtu heshima yake.

Neno hilo wataalamu wa siku zetu wamelipima kwa mizani. Katika nchi ya Uholanzi wazee wengi walio dhaifu hutunzwa katika nyumba za wazee. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika nyumba tano za namna hiyo, kwa wazee 178, muda wa miezi sita. Wengine waliendelea kuletewa sahani zilizokwisha kupakuliwa. Wengine walitandikiwa vitambaa mezani, wakapewa bilauri za kioo, na chakula kikawekwa mbele yao katika mabakuli, kila mmoja ajichagulie. Watumishi waliketi pamoja nao wakizungumza. Dawa hazikugawanywa saa ya kula. Chakula hakikuanza kabla wote hawajaketi, na kila mzee alipata nafasi ya kunyamaza kidogo au kusali.

Je, matunda yalikuwa nini? Mwisho wa miezi ile wazee waliokula kama jamaa moja walikuwa na nafuu ya uzito, kwa wastani kilo 1.5 kuliko wenzao. Nguvu zao zilihifadhika zaidi, na maisha yao waliyaona kuwa mema zaidi.

Kwa kijana, kilo moja na nusu si kitu. Kwa mzee ni jambo kubwa. Ladha na harufu zimefifia, meno yametoka, njaa haimwiti tena kwa nguvu. Akiachwa peke yake, huonja kidogo, kisha huisukuma sahani. Akikonda, huanguka upesi, na vidonda vyake hukawia kupona. Basi, njaa inaponyamaza, sauti ya mwenzake mezani ndiyo imwitayo ale.

Mkristu wa Kongo asidhani kwamba fundisho hili ni la Uholanzi tu. Huku kwetu wazee wengi hukaa kwa watoto wao. Walakini mara ngapi bibi mzee hupelekewa bugali na sombe nyuma ya nyumba, kwa mkono wa mtoto aliyetumwa, kwa kuwa mikono yake hutetemeka na kumwaga mchuzi! Mwanawe hujisifu: «Mama hakosi chakula.» Ni kweli, hakosi. Lakini katika amri ya nne Mungu hakuagiza wazazi walishwe tu, aliagiza waheshimiwe.

Kwa hiyo, wapendwa, mzee anawishwe mikono kwanza. Angojewe mpaka aketi. Apewe vipande vilivyo laini, tena aulizwe habari za zamani, watoto wakisikiliza. Mchuzi ukimwagika, ufutwe bila neno. Na kabla ya yote, yeye mwenyewe aombwe kukibariki chakula.