Mpiga Ngoma Aliyeachwa Alale

Kijana anayepiga ngoma kanisani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, au anayeshuka Mchesi, jijini Lilongwe, kutafuta bendi, akiupenda muziki wa roki hatachelewa kukutana na jina la John Bonham. Amsikilize kweli. Mwingereza huyu, mzaliwa wa Redditch mwaka 1948, alijifunza mwenyewe, akianza na makopo alipokuwa na miaka mitano. Alijaribu useremala katika kazi za ujenzi za baba yake, kisha mwaka 1968 akaingia bendi ya Led Zeppelin. Katika wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza, mguu wake unagonga ngoma kubwa kwa kasi ambayo wapigaji wengi waliamini inataka pedali mbili. Alikuwa na moja.

Upande wa pili wa habari zake, wadogo zangu, husimuliwa kwa kicheko, na hilo ndilo linaloniudhi. Bonham hakupenda kukaa mbali na mke na watoto, na safarini pombe ndiyo ilikuwa dawa yake. Vituko vya ulevi wake vikawa hadithi za kunogesha maongezi. Tarehe 27 Juni 1980, mjini Nuremberg, alianguka jukwaani katika wimbo wa tatu na onyesho likakatishwa. Watu wakaambiwa amekula kupita kiasi! Mtu ameonekana mgonjwa mbele ya umati mzima, kisha lawama zikatupiwa chakula.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Septemba, bendi ilikuwa ikijiandaa kwa ziara ya Marekani. Bonham alianza vodka asubuhi, njiani kwenda mazoezini, na hakuacha hadi usiku. Nyumbani kwa mpiga gitaa Jimmy Page, huko Windsor, akasaidiwa kufika kitandani, akaachwa alale. Kesho yake mchana wenzake wakamkuta amekufa. Alitapika usingizini, matapishi yakamkaba. Uchunguzi ulikadiria kuwa alikunywa vipimo 40 hivi ndani ya saa 24. Bangi, heroini, kokeini, hakuna kilichokutwa mwilini. Ni pombe ileile inayouzwa dukani kwa risiti. Alikuwa na miaka 32.

Desemba mwaka huohuo bendi ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea bila yeye. Mwanawe Jason aliachwa na miaka 14.

Nayasema haya kwa sababu Tamasha la Tumaini, tangu mwaka 2014, huijaza Dzaleka bendi na wageni, na baada ya onyesho kachasu, ile pombe kali ya kienyeji, haikosekani. Mwenzenu akizidiwa, msimcheke wala msimfungie chumbani mkidhani usingizi utamponya. Mlazeni ubavu, mmoja wenu akeshe naye. Mkimwita asiamke, au akipumua kwa shida, mpelekeni zahanati usiku uleule.