Dinari Mbili za Msamaria



Tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka, aliyekuwa mganga. Ndiye peke yake aliyetuandikia habari za Msamaria mwema. Sote twawakumbuka kuhani na Mlawi waliopita kando. Lakini mwisho wa habari ile twausahau upesi: zile dinari mbili alizopewa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi kwamba kitakachozidi kitalipwa. Msamaria hakumwuliza majeruhi kama ana fedha. Wahenga nao walisema, mgonjwa haulizwi uji.

Hapa twamkumbuka mwalimu mmoja wa Kanada, Woodrow Lloyd. Alizaliwa mwaka 1913 katika Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano. Alifundisha shule, akaongoza chama cha walimu, na mwaka 1944 akachaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, akawa waziri wa elimu kwa miaka 16. Novemba 1961 alimrithi Tommy Douglas, aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti, akawa waziri mkuu wa jimbo. Mwaka huo bunge lilipitisha sheria kwamba gharama za daktari zilipwe na mfuko wa watu wote, tajiri na maskini.

Sheria ilipoanza, tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi walifunga kazi, wakihofu kutawaliwa na serikali. Mgomo ulidumu siku 23. Lloyd hakuiondoa sheria, wala hakufunga mlango wa mapatano. Tarehe 23 Julai pande mbili zilipatana: mfuko ukabaki, na daktari asiyependa kuutumia akaruhusiwa kutibu nje yake. Mwaka 1964 chama chake kilishindwa katika uchaguzi. Hata hivyo mwaka 1966 bunge la Kanada lilitunga sheria ya kuisaidia mifuko ya namna hiyo, na kufikia 1972, mwaka aliokufa Lloyd, majimbo yote yalikuwa nayo. Mpanzi hakushangiliwa, lakini mbegu iliota.

Ndugu zetu, tujihoji. Mtu akifa, sisi tu wepesi: jeneza hununuliwa, sufuria hupangwa, rambirambi hujaa kapu. Lakini alipokuwa kitandani akikosa fedha ya dawa, tulikuwa wapi? Je, si kweli kwamba tumewahi kumzika kwa heshima mtu ambaye tungaliweza kumtibu kwa nusu ya gharama ile?

Hatuwezi sisi kutunga sheria za nchi. Lakini twaweza kuweka dinari mbili kabla mgonjwa hajaanguka njiani. Baada ya ibada, tukae na wazee wa kanisa tuanze kisanduku cha wagonjwa, kidogo kidogo, kila mwezi, bila kumwuliza mhitaji ni wa ukoo gani.

Ee Bwana, Mganga wetu, tufundishe kutoa mapema. Amina.