Riziki ya Ziwani na Swali la Kujizuia

Mukeke ni samaki mwindaji wa Ziwa Tanganyika, mrefu, mwembamba, wa rangi ya fedha, ndugu wa karibu wa sangara wa Ziwa Viktoria. Kigoma wanamwita mgebuka. Hutembea kwa makundi katika maji ya kilindini, na chakula chake kikubwa ni ndagala, wale samaki wadogo ambao upande wa Tanzania huitwa dagaa. Mnamo Septemba, kiangazi kinapoelekea ukingoni, pepo za kusini hulegea na mawingu ya kwanza hujikusanya juu ya milima ya Bujumbura. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi hujipanga ziwani kutoka upande wa Gatumba hadi Kabezi.

Mialo yote ya ziwa hili ina swali moja ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote. Ikiwa samaki ni riziki, na riziki hugawiwa na Mungu, je, binadamu ana haki ya kujiwekea mpaka katika kuvua, au kumwekea mwenzake? Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, atamtaja Allah. Mkatoliki wa Kabezi atamtaja Imana. Hoja yao ni ile ile: kila kiumbe ana fungu lake, na hakuna serikali iwezayo kuliongeza wala kulipunguza. Anayefunga ziwa, kwa hoja hii, anaingiza mkono wake kati ya Mpaji na mdomo wa aliyepewa.

Swali hili lilikuwa jepesi zamani, kwa kuwa zana zenyewe zilimwekea mvuvi mpaka. Alikuwa na mtumbwi mmoja, mwenge wa kuni na lusenga, yaani wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu. Alichota kilichofika karibu na mwenge, basi. Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Wavuvi wa Kigiriki waliokuwa wakiishi mjini Bujumbura, wakati huo ukiitwa Usumbura, walileta meli za nyavu za kuzungushia. Karibu na wakati huo huo wavuvi wadogo walianza kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti, wakaning'iniza wavu chini yake na kuwasha karabai. Ndagala huvutwa na mwanga pamoja na vijidudu wanavyovila. Mukeke hupanda kutoka chini akiwafuata. Wavuvi hukaa kimya kwa saa kadhaa, macho kwenye maji yaliyogeuka kijani chini ya taa, kisha wavu huinuliwa kwa mikono, pande zote kwa pamoja, samaki wakirukaruka ndani kama mvua inayonyesha kuelekea juu. Leo karabai nyingi zimebadilishwa kwa taa za betri na za umeme wa jua. Meli za kuzungushia zilitoweka upande huu wa kaskazini katika miaka ya 1990, baada ya mavuno kushuka hata hayakulipa mafuta.

Ziwa lenyewe linaweza kumdanganya anayelitazama. Lina kina cha mita 1,470, urefu wa zaidi ya kilomita 650, na umri wa mamilioni ya miaka. Burundi inamiliki takribani asilimia 8 tu ya eneo lake, zilizobaki zikiwa za Kongo, Tanzania na Zambia. Mtu akisimama ufukweni Bujumbura, milima ya Uvira ikiwa mbele yake, ni vigumu kumshawishi kwamba maji haya yanaweza kuishiwa. Ukweli ni kwamba samaki wanaishi katika tabaka la juu peke yake. Chini ya mita mia moja hivi upande wa kaskazini, maji hayana hewa ya oksijeni, na hakuna samaki awezaye kukaa huko. Rutuba ya ziwa imelala katika giza hilo, nayo hupanda hasa pale pepo za kiangazi zinapoyasukuma maji ya juu, ya chini yakapata nafasi ya kuinuka. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye dini, riziki ya ziwa hili ina utaratibu wake: huja kwa kipimo na kwa wakati.

Mwezi nao una sehemu yake, na ajabu ni kwamba wanaobishana juu ya kufunga ziwa huutaja mara chache. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hushindwa nguvu, ndagala hutawanyika, na mitumbwi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Nyavu hushonwa, watu hulala. Siku hizo zinaangukia tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo huitwa siku nyeupe na ambazo ni sunna kuzifunga. Haina maana kwamba saumu hiyo iliwekwa kwa ajili ya samaki. Lakini mvuvi Mwislamu anayesema kwamba kupumzisha ziwa ni uzushi wa maofisa amekuwa akilipumzisha kila mwezi tangu alipoanza kazi, na imani yake haijapungua.

Hoja nzito zaidi imo ndani ya vitabu vyenyewe. Katika Sura ya Al-A'raf, Qurani inasimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Siku hiyo samaki waliwajia waziwazi juu ya maji. Siku nyingine hawakuonekana. Wafasiri wanaeleza hila waliyoipata: walitega kabla ya Sabato, wakakusanya baada yake, wakadai hawakuvunja amri. Kisa hiki hufundishwa madrasa kama habari ya utii, na ni sawa. Lakini kina jambo jingine ambalo mvuvi angeliona haraka kuliko mwalimu. Aliyewaleta samaki ndiye aliyekataza kuwavua. Kuwapo kwa samaki mbele ya wavu, kwa hiyo, si ruhusa. Yule anayesema "Mungu ameleta, nani azuie?" ameshajibiwa, na waliojibiwa hivyo walikuwa wavuvi.

Kisa hicho kinataja pia makundi matatu: waliovunja amri, waliowaonya, na wale waliowauliza waonyaji kwa nini wajisumbue na watu watakaoangamia tu. Hatima ya kundi la tatu imewatofautisha wafasiri tangu zamani, kwa kuwa aya inataja kuokoka kwa waliokataza uovu na kuadhibiwa kwa waliodhulumu, bila kuwataja walionyamaza. Kwenye mwalo wa leo kundi hilo ndilo kubwa kuliko yote. Kila mtu anamjua anayevua kwa chandarua cha mbu au kwa kokoro, nyavu zinazokomba hata vifaranga vya samaki, na wengi wanaona si kazi yao kusema.

Upande wa Ukristo, Injili zina visa viwili vya wavuvi waliokesha bila kupata kitu, kisha wakaambiwa watupe nyavu tena. Katika Luka nyavu zinakaribia kukatika, na katika Yohana samaki wanahesabiwa, 153. Mahubiri mengi hushika wingi huo na kuufanya ahadi. Usomaji huo ni wa juu juu. Katika Luka, wavuvi wanaiacha mitumbwi yao siku ile ile ya neema kubwa na kuondoka. Mavuno hayakuwa mwanzo wa biashara. Katika Yohana, jambo linalofuata ni kifungua kinywa: samaki juu ya makaa, mkate, na watu wameketi kula. Hakuna anayerudi majini kwa mara ya pili.

Inabaki hoja ya tawakkul, yaani kumtegemea Mungu. Ipo hadithi mashuhuri inayosema kwamba lau watu wangemtegemea Mungu kwa kweli, angewaruzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wanaopinga mipaka huipenda. Wanazuoni waliona zamani kwamba ndege hao wanatoka, hawakai kiotani kusubiri. Na mwanazuoni Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anamwita mwendawazimu mtu mwenye njaa asiyeunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake kwa kisingizio cha tawakkul. Sababu ni sehemu ya mpango wa Mungu. Hoja hiyo hutumiwa kuhimiza kazi, lakini ikifuatwa hadi mwisho inahimiza pia kuacha. Kama mbegu ni sababu ya mavuno, basi samaki mzazi ni sababu ya samaki wa mwakani, na kumvua kabla hajazaa huku ukitegemea Mungu ataleta wengine ni tawakkul ya yule mwenye njaa, iliyopinduliwa.

Wanafikra wa Ulaya nao walikosea katika jambo hili. Mwaka 1609 Hugo Grotius alitetea uhuru wa bahari kwa hoja kwamba, pamoja na mengine, matumizi ya mmoja hayampunguzii mwingine. Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi London, mwanasayansi Thomas Huxley alisema kwamba uvuvi mkubwa wa baharini huenda usiishe kamwe. Mwaka 1992 Kanada ilifunga uvuvi maarufu wa Newfoundland kwa sababu samaki walikuwa karibu kwisha. Imani ya kwamba riziki haina mwisho, basi, haikuanzia msikitini wala kanisani.

Kuna pingamizi moja lisilopaswa kupuuzwa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa limepata joto, na joto hilo linazuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika, kwa hiyo rutuba inayopanda imepungua. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliosoma masalia katika tope la chini, ulionyesha kwamba upungufu wa samaki ulianza kabla ya meli za Wagiriki kufika. Mvuvi wa Rumonge anaweza kuuliza kwa haki: kama kosa ni la moshi wa viwanda vya mbali, kwa nini toba iwe yangu? Kimaadili swali hili ni zito kuliko lile la riziki, na jibu lake lina sehemu mbili. Aliyeharibu anadaiwa, hilo halina mjadala. Lakini deni la mwingine haliwarudishi samaki, na ziwa linalotoa kidogo linahitaji kuchukuliwa kidogo zaidi, hata kama aliyelipunguza ni mwingine.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Makubaliano yaliyofuata yalileta mpango wa kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hapa ndipo swali la kidini linapogeuka kuwa la haki. Mwenye mitumbwi na nyavu anaweza kuwa na shamba au duka la kumvusha miezi hiyo. Kibarua anayelipwa kwa fungu la samaki hana. Hadithi ya Mtume inayosema watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na mafundisho ya mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas kwamba mwenye dhiki kubwa akichukua cha kumwokoa haibi, vinakutana katika jambo hili: kizuizi cha haki ni kile kinachogawa njaa yake, si kinachomtupia mmoja yote.

Kwa hiyo hoja ya riziki haiwezi kutumika kukataa kufungwa kwa ziwa. Vitabu vyenyewe vinaikataa kazi hiyo. Inaweza kutumika, na inafaa itumike, kuwauliza wanaofunga: kibarua wa Kabezi atakula nini mwezi wa Juni? Serikali isiyo na jibu la swali hilo bado haijamaliza kazi yake.