Ni Nani Aliyemdhuru Mtoto Huyu?

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya swali moja liulizwalo katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, mara nyingi usiku na kwa sauti ya chini. Ni swali lililokwisha kumwaga damu.

Tulipokuwa tukitunza usharika mmoja wa vijijini, alizaliwa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Mama yake alikuwa katika uchungu siku mbili, naye alikuwa angali nyumbani. Mtoto alitoka mlegevu; wakamwagia maji, wakampigapiga, na baada ya kitambo kirefu akavuta pumzi. Siku ya pili akashikwa na degedege. Watu walimshukuru Mungu kuwa yu hai, nasi tukambatiza. Lakini miaka miwili ilipita, naye hakuweza kuishika shingo yake, wala kuketi, wala kumwita mama. Ndipo jamaa walipokwenda kwa mfumu, na ramli ikamtaja bibi wa mtoto, mjane mzee mwenye macho mekundu. Sote twajua macho yale yalipata wapi wekundu wake: ni moshi wa kuni na wa samadi, miaka hamsini jikoni. Hata hivyo wako vikongwe wengi katika nchi yetu waliouawa kwa mapanga kwa ajili ya macho kama hayo. Bibi yule alitujia usiku, akaomba kulala jikoni kwetu.

Asubuhi tulisema na wazee wa usharika, nao wakakubali kwamba kumdhuru ni dhambi. Lakini mwinjilisti mmoja, mtu mwema mwenye bidii, akatuuliza mbele ya wote: “Mchungaji, kama si yeye, basi ni nani?” Tulijibu kwamba ramli ni uongo, tukaomba, tukaondoka. Jibu letu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno. Lilimnyang'anya mtu jibu alilokuwa nalo, lisimpe lingine. Leo twapenda kumjibu vizuri zaidi.

Kwanza tuyatazame yanayojulikana. Mwaka 1861 daktari William John Little aliwaeleza madaktari wenzake huko London kwamba watoto wengi wenye viungo vilivyokakamaa walikuwa wamezaliwa kwa shida, au kabla ya wakati wao, au walikawia kuvuta pumzi. Ugonjwa huo leo twauita mtindio wa ubongo. Si kila mtoto mwenye mtindio aliumia siku ya kuzaliwa. Wako walioumia tumboni, na wengine baadaye kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa manjano ya uchanga isiyotibiwa. Lakini kwa mtoto aliyekawia kupumua njia ya madhara yafahamika. Ubongo wake huishi kwa hewa na sukari zinazoletwa na damu. Kondo la nyuma likibanduka mapema, au kitovu kikibanwa, au uchungu ukidumu kupita kiasi, chembe za ubongo hupungukiwa na nguvu, na nyingine hufa.

Hapo ndipo penye jambo la kustaajabisha. Madhara hayo hayaishi pale pale. Mtoto akirudishiwa pumzi, ubongo wake hupata nafuu kwa muda, yapata saa sita au zaidi. Kisha huja madhara ya pili, ambayo huenda yakawa makubwa kuliko ya kwanza. Katika ubongo mna chembe za ulinzi ziitwazo maikroglia, ambazo kazi yake ni kuondoa taka na kupigana na vijidudu. Zikihisi kwamba pameumia huamka, nazo humwaga vitu vikali, uvimbe ukaenea. Yatufaa tukumbuke mwano upigwapo usiku katika vijiji vyetu: watu hutoka na marungu ili kumwokoa mwenye nyumba, na katika giza huweza kumpiga mwenye nyumba mwenyewe. Vivyo hivyo walinzi hawa huumiza hata chembe zilizokuwa nzima. Na kama mtoto alikuwa amekwisha kupatwa na maambukizi, madhara huweza kuzidi. Wachunguzi wa Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, walieleza mwaka 2014 kwamba vijidudu vilionekana katika damu ya watoto walioumia ubongo mara nyingi zaidi kuliko katika damu ya watoto wengine.

Je, dawa iko? Katika Ulaya na Marekani mtoto wa namna hii hupozwa mwili hadi nyuzi 33 na nusu za joto, kwa muda wa saa 72, kabla saa sita hazijapita tangu azaliwe, na wengi wamesaidika. Lakini jaribio lililofanywa kwa watoto 408 katika India, Sri Lanka na Bangladesh, ambalo habari zake zilitolewa mwaka 2021, lilionyesha kinyume: katika watoto waliopozwa walikufa 42 kwa kila 100, na katika wale wasiopozwa walikufa 31. Basi yatupasa kuwa wanyenyekevu. Kilichomwokoa mtoto wa nchi moja si lazima kimwokoe wa nchi nyingine; kwa hiyo uchunguzi hauna budi kufanywa hata kwetu, juu ya watoto wetu, na kwa faida yao.

Nao umefanywa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu, iliyoanzishwa na wamishenari wa Norwei mwaka 1955, watu walikaa na saa mkononi wakitazama watoto wanavyozaliwa. Mwaka 2012 walitoa habari kwamba kwa kila nusu dakika ya kukawia kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, hatari ya kufa au ya kulazwa siku nyingi huongezeka kwa sehemu 16 katika 100. Tangu mwaka 2021 hadi 2023 Dkt. Benjamin Kamala wa Haydom na wenziwe waliipeleka kazi hiyo katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Mwanza, Shinyanga na Geita. Wakunga walijizoeza mara kwa mara, pale pale kazini, kwa mwanasesere na mfuko wa kupulizia hewa. Habari zilizotolewa mwaka 2025 zasema kwamba vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua kwa sehemu 40 hivi katika 100, na vifo vya akina mama kwa robo tatu hivi. Haya hayakuletwa na mashine kubwa. Yaliletwa na mikono iliyozoea kufanya upesi jambo dogo lipasalo.

Sasa twaweza kulirudia swali la mwinjilisti wetu. Aliuliza “nani”, nasi tumemjibu “nini”. Je, tumemjibu kweli? Yuko atakayesema kwamba tumelikimbia swali, kwa maana mwenye uchungu hataki habari za chembe. Lakini tazameni: anayefuata “nini” mpaka mwisho hukuta watu tena, ila si wale aliowatazamia. Mama alikaa siku mbili nyumbani. Kwa sababu gani? Ruhusa ya mume ilingojewa, nauli haikuwapo, na katika usharika wetu walikuwapo watu wanne wenye pikipiki, wala hapana aliyeombwa, wala sisi hatukuwa tumewafundisha watu kuombana. Au tutazame upande wa Geita, ambako watu huchoma dhahabu pamoja na zebaki uani, karibu na sufuria ya chakula. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni, na kwa mjamzito huvuka kondo, ukamfikia mtoto. Minamata, katika Japani, ambako ugonjwa wa zebaki iliyokuwa katika samaki ulijulikana mwaka 1956, walizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika, na mama zao walionekana wazima. Anayechoma si mchawi. Ni baba atafutaye ada ya shule.

Lakini hapa pana hatari nyingine. Tusimwachilie bibi kikongwe ili tumshike mkunga, au mama mwenyewe. Mwaka 1542 Martin Luther aliandika maneno ya faraja kwa wanawake waliopatwa na misiba ya uzazi, akafundisha kwamba wasitishwe wala wasilaumiwe kwa jambo lisilotokana na uzembe wao. Tena wako watoto watakaoumia hata kila jambo likifanywa sawasawa, na hapo hatuna mtu wa kumtaja. Kuna tofauti kubwa kati ya lawama na wajibu. Lawama humtafuta mtu wa kupiga, na ikimpata hupumzika. Wajibu mtu huutwaa mwenyewe, wala haumwachi apumzike mpaka mtoto wa pili azaliwe salama. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana alizikataa njia zote mbili, akainama chini, akafanya tope, akaanza kazi.

Twaona vema kuwaambia mwisho wa habari yetu, ingawa ni habari ya kutuhuzunisha. Bibi yule alipelekwa kwa binti yake mdogo katika wilaya nyingine, akaokoka. Lakini yeye ndiye aliyejua kumlisha mtoto yule bila kumpalia. Alimwinua kichwa, akampa uji kidogo kidogo, akangoja ameze. Hapana mwingine nyumbani mle aliyekuwa na subira ile. Mtoto alikonda, na kabla ya mwaka kwisha tulimzika. Ubongo wake uliumia siku aliyozaliwa. Pigo la pili lilitoka kwetu, tulipopiga mwano gizani.

Basi, mwinjilisti, ukiitwa nyumbani mwa mtoto wa namna hii, uketi kwanza karibu na mama, na karibu na bibi pia, watu wote wakuone. Sema wazi jina la ugonjwa. Wapeleke hospitali, maana ubongo wa mtoto ungali wajifunza, na mazoezi ya viungo yaliyoanzwa mapema humsaidia. Andika majina ya wajawazito wa mtaa wako, ujue kila mmoja atasafirije siku yake ikifika, hata ikiwa ni usiku wa manane. Na wakikuuliza kama tulivyoulizwa sisi, usiseme upesi kwamba hakuna mtu. Waambie kwamba jambo hili lina sababu yake, kisha uwaulize wenye pikipiki ni nani kati yao atakayekesha juma hili.

Mungu, aliyekubali Mwana wake azaliwe mahali pasipo mkunga, awalinde watoto wetu, atusamehe ukawiaji wetu.