Ngazi Ishirini Tu



Vijana wapendwa, wengine wenu mnaujua mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Mnakaa mezani, mnarusha dadu, kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, kasisi, mchawi. (Mchawi wa hadithi jamani, msije mkanishtaki kwa paroko!) Mhusika hupanda ngazi, na ngazi ya mwisho ni ya 20.

Sheria zinaruhusu kuchanganya fani, lakini ngazi haziongezeki. Unayoipa fani hii, umeinyima ile. Kwa kanuni za toleo la 2014, mpiganaji akifika ngazi ya 5 anashambulia mara mbili kwa zamu moja. Mchawi wa ngazi ya 5 anaweza kurusha mpira wa moto. Sasa yule aliyegawa, 3 za upiganaji na 2 za uchawi? Naye amefika ya 5, ila hana hiki wala kile. Mshika mawili moja humponyoka. Huyu yamemponyoka yote.

Basi kuchanganya ni kosa? Hapana. Mpiganaji akichukua ngazi 1 tu ya ukasisi, anaweza kumponya mwenzake aliyeanguka. Amechelewa kidogo, lakini kikosi kizima kimefaidika. Wa kwanza alichanganya kwa kuogopa kuchagua. Wa pili alichanganya kwa sababu alikwisha kuchagua: yuko pale kuwalinda wenzake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kila atendaye hutenda kwa ajili ya lengo, na malengo madogo hupata maana kutoka lile la mwisho. Paulo alikuwa mtume na mshona mahema (Mdo 18:3). Mahema hayakumpunguzia utume. Yalimwezesha kuhubiri bila kuwalemea watu. Mtakatifu Gianna Beretta Molla alikuwa daktari, mke na mama. Kazi tatu, upendo mmoja.

Mimi mwenyewe nilikaa seminarini muda mrefu mlango wa uani nikiwa nimeuacha wazi. Niliita busara, kumbe ni woga. Nilisali nusu, nikasoma nusu. Siku moja mlezi wangu akaniuliza: "Frateri, hicho cha pili kinamtumikia nani?" Sikuwa na jibu.

Rafiki, mezani mhusika akifa unaandika mwingine. Maisha yako ni haya haya. Wiki hii andika yote unayoyashika: masomo, biashara, kwaya, uchumba, wito. Nenda nayo mbele ya Ekaristi, uulize kila kimoja swali lile. Usikimbilie kufuta, vingi vitabaki. Ila kile unachokishika ili usilazimike kumwambia Mungu "ndiyo", kiachie. Aliyeshika jembe asitazame nyuma (Lk 9:62).

Ee Bwana, utupe moyo usiogawanyika. Amina.