Nani Mwenye Ruhusa ya Kusogeza Saa?

Mradi wetu wa kukarabati ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya mashamba, hapa Same una kumbukumbu mbili: kanzidata ya ofisini, yenye vijiji, mafundi na mifuko ya saruji, na kalenda ya Google ambayo mabwana shamba wanaiona kwenye simu wakiwa Vudee au Bangalala. Kazi yangu ni programu inayozipatanisha. Ukisogeza kikao kwenye simu, kanzidata nayo inabadilika. Ukibadilisha ofisini, simu inalia.

Ufundi wake una njia. Kila kikao kinabeba namba yake, na programu inatia alama kwenye kila ilichoandika yenyewe, isije ikakisoma kama habari mpya na kukirudisha, pande mbili zikajibizana usiku kucha. Kilichonisumbua ni kingine. Bwana shamba amepeleka kikao Jumatano, mhasibu amekipeleka Alhamisi: neno la nani lisimame? Jibu lililozoeleka kwenye programu ni kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Silikubali. Tangu lini kuchelewa kusema kukampa mtu mamlaka?

Kwenye ndiva maji hukusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Ukitaka zamu ya jirani, mwombe jirani. Kwa hiyo na programu yangu, ikikuta tarehe mbili zinagongana, haichagui; inawaita wote wawili wakasemezane.

Kisha kuna saa ambayo hata tukikubaliana wote hatuna ruhusa nayo. Mimi ni Msabato, kama wengi wa Upare ya Kusini, ambako wamisionari wa Kisabato Ehlers na Enns walifika Giti mwaka 1903. Kwa kalenda, Jumamosi inaanza saa sita usiku. Sabato inaingia Ijumaa jua likizama, kwa hiyo kikao cha Ijumaa saa moja usiku mashine inakiona halali kabisa. Nikaiwekea machweo. Lakini machweo ya wapi? Gonja, mashariki ya milima, jua linamezwa na mlima mapema, wakati huku Same mjini bado linawaka juu ya tambarare. Mwenzangu, Mwislamu wa Usangi, alicheka: “Kaka, sisi magharibi tunaitafuta kila siku, wewe unataka kuimaliza kwa programu?”

Ndiye pia aliyeniuliza kwa nini imani yangu iwe kufuli la ofisi nzima. Aliuliza haki. Sasa kila mtu anafunga saa zake mwenyewe: yeye Ijumaa mchana, Mlutheri wetu Jumapili asubuhi, na hakuna anayeweza kuzisogeza isipokuwa mwenyewe, hata meneja.

Na ukuta wa ndiva ukibomoka Jumamosi? Nitakwenda; Yesu aliwauliza Mafarisayo habari za ng’ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Hilo sikuliandikia programu. Msimamizi wa maji ana namba yangu.